Mkanda, Mnyororo au Gia? Skuta za India na Somo la Ugavi Kwetu

Tarehe 31 Januari 2025, kampuni ya Ola Electric ya India ilionyesha kizazi cha tatu cha skuta zake za umeme. Miongoni mwa mabadiliko yaliyotangazwa siku ile limo moja ambalo ni rahisi kulipita kwa haraka: mkanda uliokuwa ukipeleka nguvu za mota kwenye gurudumu la nyuma uliondolewa, na mahali pake ukawekwa mnyororo. Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni jambo la mafundi peke yao. Sisi hatuoni hivyo.

Njia ambayo nguvu hupitia kutoka injini hadi gurudumu ndiyo inayoamua nani atakitengeneza chombo kikiharibika, kwa kipuri cha kutoka wapi, na baada ya siku ngapi. Kwa raia hilo ni suala la mfuko. Kwa askari na polisi ni suala la ugavi. Na ugavi, kama ajuavyo kila aliyewahi kushika zamu katika kituo cha mbali, ndio unaoamua kama doria itatoka au haitatoka. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kulichambua jambo hili kwa utaratibu, tukianzia kwenye asili ya mkanda wenyewe.

ASILI YA MKANDA

Mkanda wa skuta za petroli si sawa na ule wa kinu cha kusagia. Mfumo wake ulipata umaarufu mwaka 1958, pale Hub van Doorne wa kiwanda cha DAF, mjini Eindhoven nchini Uholanzi, alipoonyesha gari dogo la DAF 600 ambalo dereva wake hakuwa na gia za kubadilisha. Nguvu ilipitia katika mikanda ya mpira iliyozunguka puli ambazo pande zake mbili huweza kukaribiana na kuachana. Pande hizo zikikaribiana, mkanda hupanda na kuzunguka duara kubwa. Zikiachana, mkanda huzama na kuzunguka duara dogo. Kwa namna hiyo mwendo hubadilika bila mkono wa mtu. Katika miaka ya 1970 jeshi la Uholanzi lenyewe lilitumia gari dogo la DAF lenye mfumo huo, lililoitwa YA 66.

Skuta ndogo za leo zinazotumia petroli, aghalabu, zina mfumo wa aina hiyo hiyo. Katika puli ya mbele mna rola ndogo ambazo mzunguko wa injini huzitupa nje, nazo huzisukuma pande za puli zikaribiane. Katika puli ya nyuma mna springi inayopinga. Nyuma kabisa mna klachi inayoshika yenyewe injini inapoongeza kasi, na baada yake gia chache za kupunguza mzunguko kabla nguvu haijafika gurudumuni.

Sifa za mfumo huu hatuzikanushi. Anayejifunza leo huweza kuendesha kesho. Mkono wa kushoto hauna klachi ya kushughulikia, wala mguu hauna gia. Mjini, penye lami na msongamano, starehe hiyo ni kubwa.

Lakini mkanda huo hufanya kazi kwa kukamata, nao haukamati bila kusuguana. Penye msuguano pana joto, na joto ndilo linaloumaliza mpira. Kasha la mkanda hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka nje, na hewa ya barabara zetu huja na vumbi. Maji yakiingia humo wakati wa kuvuka mto au dimbwi, mkanda huteleza, na injini hunguruma bure ilhali gurudumu limesimama. Tena, skuta ya namna hiyo haiwezi kuwashwa kwa kusukumwa betri ikiisha, maana klachi haishiki mpaka injini iwe imeshawaka. Vitabu vya watengenezaji huagiza mkanda ubadilishwe baada ya kilomita kati ya 10,000 na 25,000, kwa kutegemea aina ya skuta. Na chombo cha doria huweza kuzimaliza kilomita hizo mapema kuliko ghala linavyotarajia.

Ubaya mkubwa kuliko wote ni huu: mkanda ukikatika, umekwisha. Hauungwi. Haubadilishwi na mkanda wa skuta nyingine usiolingana nao kwa urefu na upana. Mnyororo ukikatika, fundi hutoa kipande kilichoharibika, akatia kiungo kipya, na safari ikaendelea.

WALIOTAFUTA NJIA NYINGINE

Wahandisi wengi wametafuta njia nyingine, na historia yao inafaa kukumbukwa na watu wa ulinzi.

Mwaka 1946, baada ya kiwanda cha Piaggio cha Pontedera, nchini Italia, kuharibiwa vitani, mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio alibuni skuta ya Vespa. Injini yake ya sentimita za ujazo 98 iliwekwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, na gia tatu ndani ya kasha moja zikalizungusha gurudumu hilo moja kwa moja. Hapakuwa na mnyororo wala mkanda. Kila kilichozunguka kilikuwa ndani ya mafuta, mbali na vumbi na mbali na nguo za mwendeshaji.

Miaka kumi baadaye jeshi la Ufaransa liliitumia Vespa hiyo kwa kazi ambayo mbunifu wake hakuikusudia. Skuta ya Vespa 150 TAP iliundwa kwa ajili ya askari wa miamvuli. Iliweza kuangushwa kutoka ndegeni, nayo ilibeba mzinga mwepesi wa milimita 75 usiorudi nyuma unapopigwa. Skuta moja ilichukua mzinga, nyingine ikachukua risasi zake. Hatuutaji mfano huu kwa kuusifia utawala wa kikoloni uliokuwa ukipigana Algeria wakati huo. Tunautaja kwa sababu unaonyesha kwamba chombo kidogo chenye gia zilizofungiwa ndani ya mafuta kilihesabiwa kuwa kinafaa kwa mahali ambapo hapana gereji.

Mwaka 1958 Honda ya Japani ilitoa Super Cub. Hiyo nayo haikuwa na klachi ya mkono, lakini wahandisi wake hawakutumia mkanda. Waliweka gia tatu za kawaida, klachi inayojishika yenyewe, na mnyororo uliofunikwa pande zote ili vumbi na matope yasiufikie. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za jamii hiyo zilizoundwa duniani zilikuwa zimevuka milioni 100. Idadi hiyo yatosha kuwa ushahidi kwamba wepesi wa kuendesha hupatikana bila kuutegemea mkanda wa mpira.

Zipo njia ambazo hazikufanikiwa, nazo zina mafunzo yake. Mwaka 1962 Honda hiyo hiyo iliuza skuta ya Juno M80, ambayo nguvu zake zilipelekwa kwa mafuta yaliyosukumwa kwa shinikizo kubwa. Ulikuwa ubunifu wa hali ya juu, ila haukudumu sokoni. Miaka mingi baadaye kampuni hiyo iliingiza mfumo wa klachi mbili katika chombo chake kikubwa cha X-ADV, cha mwaka 2017. Lakini hicho ni chombo cha injini ya sentimita za ujazo 745, na mfumo wake ni mzito na wa gharama kwa skuta ndogo. Funzo ni kwamba kila njia hulipiwa kwa uzito, kwa fedha au kwa ugumu wa matengenezo.

UMEME UMELIGEUZA SWALI

Sasa tuje India, ambako mashindano ya skuta za umeme yamezifanya barabara kuwa uwanja wa majaribio. Injini ya petroli ikizunguka polepole haina nguvu ya kutosha. Ndiyo maana ilihitaji njia ya kubadili mwendo. Mota ya umeme hutoa nguvu zake tangu mwanzo wa mzunguko. Kwa hiyo ule mkanda wa kupanda na kushuka hauna kazi tena. Kinachobaki ni kupunguza kasi ya mota kwa kiwango kimoja tu na kuipeleka nguvu gurudumuni. Je, kwa kitu gani?

Wahindi wamejibu kwa namna nne. Ather ya Bengaluru, katika skuta yake ya 450 iliyotoka mwaka 2018, ilichagua mkanda, lakini mkanda wa meno, ambao hauponyoki kama ule wa zamani. Bajaj ya Pune iliifufua skuta yake ya zamani, Chetak, ikaianza upya kwa umeme mwaka 2020, nayo ikatumia gia zilizofungiwa ndani ya kasha. Mwaka huo huo TVS ilitoa iQube, ambayo mota yake imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, hata pasiwe na haja ya mkanda, mnyororo wala gia ya nje. Na Ola, kama tulivyosema, iliutumia mkanda kwanza, kisha mwaka 2025 ikaupisha mnyororo.

Mkanda wa meno ni kimya na hautaki grisi. Lakini kijiwe kikiingia baina yake na puli huweza kuuchana, na ukikazwa kupita kiasi au kulegezwa kupita kiasi huharibika kabla ya wakati wake. Mnyororo hupiga kelele, hutaka kulainishwa na kukazwa mara kwa mara, na vumbi huula. Lakini hauna siri kwa fundi yeyote. Gia ndani ya kasha hudumu sana na hazijali matope. Hata hivyo zinataka chuma kilichochongwa na kukaushwa kwa ustadi, na beringi au sili ikiharibika fundi wa kando ya barabara hana la kufanya. Mota ya kitovuni haina kitu cha kukatika, lakini uzito wake wote hugonga kila shimo la barabara bila kuhurumiwa na springi. Na kuziba pancha ya gurudumu lenye nyaya za umeme si kazi ya kila mtu.

SUMAKU NA SIASA YA DUNIA

Wengine watasema: basi tuchague mota ya kitovuni, tuondokane na vitu vinavyolika. Hapo ndipo habari za mwaka 2025 zinapotufundisha jambo ambalo karakana peke yake haiwezi kulifundisha.

Mota nyingi za skuta za umeme hutumia sumaku za kudumu zenye madini adimu. Tarehe 4 Aprili 2025 China, ambayo ndiyo inayotawala usafishaji wa madini hayo duniani, iliamuru kwamba aina saba za madini hayo, yakiwemo disprosiamu na terbiamu, pamoja na sumaku zinazotengenezwa kwayo, zisisafirishwe nje bila kibali. Hatua hiyo ilikuja katika ugomvi wa China na Marekani juu ya ushuru. India haikuwa upande wowote wa ugomvi huo, lakini mshale uliipata. Katikati ya mwaka huo watengenezaji wa skuta za umeme nchini humo, Bajaj miongoni mwao, walilazimika kupunguza uzalishaji kwa kukosa sumaku.

Sasa tuitazame gia kwa jicho jipya. Ukubwa wa mota, na kwa hiyo uzito wa sumaku zake, hufuata zaidi nguvu ya kusokota inayotakiwa kuliko kasi ya kuzunguka. Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa gurudumu linataka nguvu ya kusokota ya kiwango cha 100, mota ya kitovuni isiyo na gia haina budi kuitoa 100 hiyo yote yenyewe. Lakini tukiweka gia zinazopunguza mzunguko mara kumi, mota hutakiwa kutoa 10 tu, ukiacha kidogo kinachopotea kwa msuguano, ila izunguke kasi mara kumi. Mota hiyo ya pili huweza kuwa ndogo na kutumia sumaku chache. Kwa maneno mengine, chuma kinachoweza kuchongwa katika karakana nyingi huchukua nafasi ya madini yanayotolewa kwa kibali cha dola moja.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo zima. Anayeondoa mkanda hauondoi utegemezi, anauhamisha tu. Huuhamishia kwenye mnyororo, au kwenye gia, au kwenye sumaku. Swali la mwenye busara si, "Mfumo gani hauna udhaifu?" kwa kuwa haupo. Swali ni, "Udhaifu upi tunaoweza kuutibu kwa mikono yetu wenyewe?" Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

HALI YETU NA YA JIRANI

Mambo haya hayako mbali nasi. Rwanda, jirani yetu, iliamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya zitakazosajiliwa kwa kubeba abiria mjini Kigali ziwe za umeme. Hapa Uganda pikipiki za umeme zinaonekana Kampala, zikibadilishiwa betri katika vituo maalumu. Bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, na ambayo kwa miaka mingi imetegemea pikipiki za mnyororo kutoka India, imeingia katika zama nyingine. Askari wa usalama barabarani atakutana na vyombo hivi kila siku, na si ajabu kwamba siku moja atakabidhiwa kimoja akipande mwenyewe.

Wala hatuanzi mikono mitupu. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la Kiira EV. Baadaye mabasi ya umeme ya Kayoola EVS yaliunganishwa katika karakana za Luwero Industries, Nakasongola, ambazo ni mali ya NEC, shirika la uzalishaji la jeshi letu. Mikono iliyoweza kuunganisha basi haishindwi kulielewa sanduku la gia la skuta. Panapotakiwa juhudi ni katika kuelekeza ujuzi huo kwenye vyombo vidogo, ambavyo ndivyo vinavyobeba watu wengi zaidi.

India yenyewe imetuonyesha njia mojawapo. Ruzuku ambayo serikali yake iliwapa watengenezaji wa skuta za umeme iliambatana na sharti: sehemu zilizotajwa katika orodha, mota ikiwa mojawapo, zitengenezwe nchini humo kwa awamu. Ruzuku ilipopunguzwa tarehe 1 Juni 2023, kutoka rupia 15,000 hadi rupia 10,000 kwa kila kilowati-saa ya betri, viwanda vilivyokwisha kujengwa havikuhama. Sumaku zilipokosekana mwaka 2025, wahandisi wake walikuwa na mahali pa kuanzia, na wapo waliogeukia mota za sumaku za ferraiti, ambazo hazina madini hayo adimu. Asiye na karakana asingekuwa na la kufanya ila kungoja meli.

MASWALI YA KUULIZWA KABLA YA KUPOKEA CHOMBO

Kwa maoni yetu, kabla chombo kipya cha magurudumu mawili hakijaingizwa katika kazi za ulinzi na usalama, kiwe cha petroli au cha umeme, ni lazima maswali matano yaulizwe, na majibu yaandikwe.

Kwanza, nguvu inafikaje gurudumuni, na ni kitu gani kati ya hivyo kitakacholika mwanzo? Pili, kitu hicho kikikatika njiani, askari mwenye spana za kawaida ataweza kufika kituoni? Tatu, kipuri chake kinapatikana katika mji wa wilaya, au mpaka kiagizwe ng'ambo? Nne, vumbi na maji yamezuiwa namna gani? Ikiwa ni mnyororo, je, umefunikwa? Mfuniko ni kitu rahisi, na Super Cub ilikuwa nao tangu 1958. Haifai mnyororo wa doria kuachwa wazi katika barabara ya murramu. Tano, ni wangapi kati ya mafundi wetu wamefundishwa kukifungua na kukifunga tena bila kumwita mtaalamu wa kampuni?

Kwa vituo vya vijijini, sisi twaona kwamba mnyororo uliofunikwa, wenye mota iliyowekwa katikati ya chombo, ndio unaofaa kwa sasa. Haushindi mifumo mingine kwa uzuri. Unaishinda kwa kuwa fundi wake yupo tayari, kipuri chake kipo sokoni, na mota yake haihitaji kuwa kubwa. Mijini, penye karakana na lami, gia ndani ya kasha zaweza kufaa zaidi, kwa sharti kwamba beringi na sili zake zihifadhiwe ghalani na mafundi wafundishwe. Mota ya kitovuni ifikiriwe pale tu ambapo barabara ni nzuri na mwuzaji ameweka hapa nchini akiba ya mota kamili. Na mkanda wa mpira wa kupanda na kushuka tuuache kwa safari za mjini, kwa watu wenye nafasi ya kungoja.

Wako watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, kwamba mkanda ni kipande cha mpira tu na bei yake si kubwa. Ni kweli, bei yake si kubwa. Lakini kituo ambacho skuta yake imelala wiki tatu kikingoja mkanda hakikuathiriwa na bei. Kiliathiriwa na umbali. Mwananchi aliyepiga kelele za kuomba msaada usiku hakujali mkanda uligharimu shilingi ngapi. Alitaka kuuona mwanga wa taa ukija barabarani.

Viwanda vya India vitaendelea kubadili mifumo yao, maana bado vinatafuta. Sisi tunaonunua tusiifuate kila rangi mpya inayoshushwa bandarini, bali tutazame ndani ya kasha kwanza, tujue nguvu inapita wapi na nani kati yetu aliye na uwezo wa kuirudisha ikikatika.